Mjane Mweusi, Mjane wa Kahawia au Mjane Bandia: Namna ya Kumtambua Buibui Aliye Mbele Yako

Karibu kila buibui ana sumu, kwa kuwa bila sumu asingeweza kumtuliza mdudu aliyenaswa. Swali lenye maana kwa binadamu ni jingine: je, meno ya buibui huyu yanaweza kupenya ngozi, na sumu yake ikishaingia, itafanya kazi katika mwili wa mtu? Wanasayansi wamekwisha kueleza zaidi ya spishi 50,000 za buibui, na katika hizo, zinazoweza kumfikisha mtu hospitalini ni chache mno. Kundi linalotajwa mara nyingi zaidi miongoni mwa hizo chache ni la buibui wajane, yaani jenasi ya Latrodectus, ambayo ina spishi zaidi ya 30 zilizotapakaa katika mabara yote isipokuwa Antaktika.

Tatizo ni kwamba mtu anayemkuta buibui wa mviringo anayeng'aa chini ya kiti cha bustani au nyuma ya boksi la zamani anaweza kuwa anamtazama mmoja kati ya watatu wanaofanana sana: mjane mweusi, mjane wa kahawia, au mjane bandia. Wa kwanza anastahili kuhofiwa kwa kiasi, wa pili anastahili tahadhari, na wa tatu mara nyingi huuawa kwa kosa la kufanana na jamaa zake. Makala hii inawaweka watatu hao bega kwa bega, kisha inamgusia buibui fidla, ambaye hafanani nao hata kidogo lakini hulaumiwa kwa majeraha ambayo mara nyingi si yake.

Rangi isikuharakishe

Watu wengi huanza na rangi, na hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Mjane mweusi jike aliyekomaa ni mweusi tititi na anang'aa kana kwamba amepakwa mafuta. Mwili wake, bila miguu, huwa na urefu wa milimita 8 hadi 13, na sehemu kubwa ya urefu huo ni fumbatio, yaani sehemu ya nyuma ya mwili, ambayo ni ya duara na inaonekana nzito kupita miguu myembamba inayoibeba. Jina hilo moja hubeba spishi kadhaa: Latrodectus mactans, Latrodectus hesperus na Latrodectus variolus za Amerika Kaskazini, pamoja na ndugu zao wa mbali kama Latrodectus tredecimguttatus wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Mediterania, ambaye ana madoa mekundu mgongoni, na Latrodectus hasselti wa Australia, ambaye ana mstari mwekundu unaoshuka juu ya fumbatio.

Mjane wa kahawia ni spishi moja, Latrodectus geometricus, aliyepewa jina hilo la kisayansi mwaka 1841. Leo anapatikana Afrika, Amerika, Asia na Australia, na kila anapofika hupendelea kuishi karibu na majengo. Mwili wake una mabaka ya rangi ya mchanga, kahawia na nyeupe yaliyopangika kwa ustadi juu ya fumbatio, na miguu yake ina pete nyeusi kwenye viungo. Hata hivyo wapo wajane wa kahawia walioiva rangi hadi wakakaribia weusi, na mabaka yao huonekana tu mwanga ukiwapiga kwa upande.

Upande wa pili wa tatizo hilo ni mkubwa zaidi. Watoto wa mjane mweusi hawazaliwi weusi. Hutoka kwenye kifuko wakiwa na rangi hafifu, kisha huzidi kuwa weusi kila wanapojivua gamba, na katika hatua za katikati huwa na michirizi ya kahawia na nyeupe inayomfanya mtu aapie kwamba amemwona mjane wa kahawia. Kwa hiyo buibui wa kahawia mwenye umbo la mjane anaweza kuwa mjane mweusi ambaye hajakomaa, na buibui mweusi anaweza kuwa mjane wa kahawia mwenye rangi nzito. Madume nao huleta mkanganyiko wao: ni wadogo sana, wembamba, wenye mabaka, na hawahesabiwi kuwa hatari kwa watu, hivyo maelezo yote yanayofuata yanamhusu jike.

Mjane bandia ni jina la buibui wa jenasi ya Steatoda, ambao wako katika familia moja na wajane wa kweli, familia ya Theridiidae, na ndiyo sababu wamerithi umbo lile lile la fumbatio la duara na miguu myembamba. Steatoda grossa na Steatoda nobilis huonekana weusi wakiwa kivulini, lakini wakimulikwa tochi weusi huo hugeuka kuwa kahawia iliyokolea au zambarau. Steatoda paykulliana wa nchi za Mediterania ndiye mdanganyifu mkubwa zaidi, kwa sababu ni mweusi kweli na ana ukanda wa njano, rangi ya chungwa au nyekundu, kiasi kwamba hata mtu makini humdhania kuwa mjane mweusi.

Alama ya tumboni

Alama inayojulikana zaidi ya mjane ni ile ya saa ya mchanga, yaani pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha, iliyoko upande wa chini wa fumbatio. Wengi hushindwa kuiona kwa sababu huitafuta mgongoni, au hujaribu kumpindua buibui kwa kijiti, jambo ambalo si la lazima. Mjane aliyetulia kwenye utando wake huning'inia chali, miguu ikishika nyuzi na tumbo likitazama juu. Ukisimama pembeni na kumulika kutoka juu, alama hiyo inakuwa wazi mbele ya macho yako bila wewe kugusa chochote, na simu yenye kamera ya kawaida inatosha kupata picha ya kukuza baadaye.

Kwa mjane mweusi alama hiyo ni nyekundu iliyoiva juu ya weusi, na tofauti ya rangi hizo mbili ni kali. Kwa Latrodectus variolus alama huwa imekatika katikati, zikabaki pembetatu mbili zisizogusana, na kwa hiyo kutokuiona saa ya mchanga iliyokamilika hakumtoi buibui huyo katika kundi la wajane. Kwa mjane wa kahawia alama ipo na umbo lake kwa kawaida ni kamili, ila rangi yake ni ya chungwa au nyekundu iliyofifia, na kwa kuwa tumbo lenyewe ni la kahawia, haimrukii mtu machoni.

Mjane bandia hana alama hiyo kabisa. Badala yake, wengi wao wana ukanda mwembamba wa rangi hafifu wenye umbo la mwezi mwandamo, unaozunguka ukingo wa mbele wa fumbatio, pale linapokutana na sehemu ya kifua. Nionavyo mimi, ukanda huo ukiuona wazi na tumbo likiwa halina alama nyekundu wala ya chungwa, kazi ya kumtambua imekaribia kwisha.

Utando na kifuko cha mayai

Sehemu hii ndiyo ningemshauri mtu aitegemee kuliko zote, ingawa maelezo mengi huipitia juu juu. Buibui anaweza kujificha mchana kutwa, lakini utando wake na vifuko vyake vya mayai haviendi popote.

Wote watatu hufuma utando usio na mpangilio unaoonekana. Hutakuta ule mduara mzuri wenye miali kama wa buibui wa bustanini. Utakuta nyuzi zilizopishana ovyo, nyingi zikiwa karibu na ardhi, zikiwa na kona moja nzito ambamo mwenye nyumba hujificha. Tofauti ya wajane wa kweli iko kwenye nguvu ya uzi. Ukipitisha kijiti kirefu polepole katikati ya utando wa mjane, utahisi ukinzani, uzi utavutika, kisha utakatika kwa mlio mdogo mkavu unaosikika kabisa mahali palipo kimya. Utando wa buibui wengi wa nyumbani hunata kwenye kijiti na kukunjamana bila sauti yoyote. Mjane bandia naye ana uzi imara kuliko buibui wengi, kwa hiyo jaribio hili linakueleza kwamba uko katika familia ifaayo, lakini halimalizi ubishi.

Kifuko cha mayai ndicho kinachoumaliza. Kifuko cha mjane mweusi ni laini kwa nje, kina rangi ya maziwa iliyochujuka au ya mchanga, na umbo lake ni la tone au la peasi, huku ganda lake likifanana na karatasi nyembamba ngumu. Kifuko cha mjane wa kahawia ni kidogo kidogo, cha duara, chenye upana wa karibu sentimita moja, na kimejaa vijiti vidogo vya hariri vilivyochomoza pande zote, mfano wa mbegu yenye miiba. Hakuna mjane mweusi wala mjane bandia anayetengeneza kifuko cha namna hiyo, na ndiyo maana wataalamu wanaotafuta mjane wa kahawia katika eneo jipya huanza kwa kutafuta vifuko vyenye miiba kabla ya kumtafuta buibui mwenyewe. Mjane bandia hutengeneza kifuko chepesi kama pamba iliyochambuliwa, na mara nyingi mayai yenyewe huonekana ndani yake.

Idadi ya vifuko pia inasema kitu. Mjane wa kahawia ana mayai machache katika kila kifuko, kwa kawaida kati ya 120 na 150, lakini hutaga mara nyingi na anaweza kuacha vifuko 20 hivi katika maisha yake. Mjane mweusi huweka mayai mengi zaidi katika kila kifuko, ila vifuko vyake ni vichache. Ukikuta vifuko vingi vidogo vyenye miiba vimening'inia pamoja chini ya kiti kimoja cha plastiki, huna haja ya kumsubiri buibui ajitokeze.

Mahali nako kuna uzito wake. Mjane mweusi hupenda sehemu zisizosumbuliwa: rundo la kuni, mashimo ya ukuta wa mawe, boksi la mita ya maji, chini ya vyungu vya maua vilivyosahauliwa. Mjane wa kahawia anapenda mahali hapo hapo, ila hujiweka wazi zaidi, chini ya viti na meza za nje, kwenye mikono ya mapipa na kwenye uzio. Wajane wa kweli hawapendelei sana vyumba ambamo watu wanaishi. Mjane bandia, kinyume chake, haoni shida kukaa kwenye kona ya dari la sebuleni au nyuma ya kabati.

Ni yupi mwenye kudhuru zaidi?

Sumu ya wajane wa kweli ina protini iitwayo alfa-latrotoksini, ambayo huzilazimisha ncha za neva kumwaga kwa mkupuo kemikali zinazopitisha ujumbe kwenda kwenye misuli na viungo vingine. Matokeo yake ni kwamba jeraha lenyewe huwa dogo mno, wakati mwingine halionekani, ilhali maumivu husambaa mbali nalo. Mtu huhisi kama amechomwa na sindano, au hahisi lolote, kisha baada ya nusu saa hadi saa moja maumivu huanza kupanda. Aliyeumwa mguuni huweza kuhisi tumbo likikakamaa kama ubao, hali ambayo imewahi kudhaniwa kuwa ugonjwa wa kuhitaji upasuaji. Aliyeumwa mkononi huweza kubanwa kifuani na mabegani. Hufuatana na jasho jingi, kichefuchefu, fadhaa na shinikizo la damu kupanda. Kwa kawaida hali hiyo hudumu siku moja hadi tatu, na vifo ni adimu sana kwa watu wazima wenye afya, lakini watoto wadogo, wazee na wenye ugonjwa wa moyo hawapaswi kuhesabiwa katika kundi hilo.

Kwa mjane wa kahawia mambo ni ya ajabu kidogo. Majaribio ya maabara juu ya panya yanaonyesha kwamba sumu yake, kipimo kwa kipimo, haishindwi na ya mjane mweusi. Ila kwa binadamu hali haiwi hivyo. Mwaka 1993 zilichapishwa taarifa za wagonjwa 45 wa Afrika Kusini walioumwa na wajane weusi na wa kahawia, na ilidhihirika kwamba waliopatwa na mjane wa kahawia wengi wao walikuwa na maumivu yaliyobakia karibu na jeraha, wakati waliopatwa na mweusi ndio walioonyesha dalili za mwili mzima. Maelezo yanayotolewa kwa kawaida ni kwamba mjane wa kahawia huingiza sumu kidogo, na kwamba ni mwoga kiasi kwamba akiguswa hujikunja na kujiangusha chini kabla ya kufikiria kuuma.

Mjane bandia anaweza kuuma, hasa akibanwa kwenye nguo, na Steatoda nobilis anajulikana kwa maumivu yanayokaribia ya nyigu, pamoja na uvimbe na mara chache uchovu wa siku moja au mbili. Ni usumbufu wa kweli, lakini kumweka kiwango kimoja na mjane mweusi ni kumwonea.

Anayelaumiwa asiyekuwepo

Buibui fidla, wa jenasi ya Loxosceles, huingia katika mazungumzo haya kwa sababu watu wakiona kidonda cheusi kwenye ngozi humtaja yeye kwanza. Ni wa kahawia, hana mng'ao, miguu yake ni mirefu isiyo na pete wala miiba, na fumbatio lake ni la rangi moja. Alama yenye umbo la fidla iliyo juu ya kifua chake ndiyo iliyompa jina, lakini buibui wengine wasio na hatia wana madoa yanayofanana nayo. Macho ndiyo ushahidi usiopingika: buibui wengi wana macho manane, na wajane wamo, ila fidla ana sita tu, yaliyopangwa jozi tatu, moja mbele na moja kila upande. Picha ya karibu ya simu mara nyingi huonyesha hilo.

Sumu yake hufanya kazi kwa njia tofauti kabisa. Ina kimeng'enya kinachoharibu utando wa seli, kwa hiyo anapouma mtu huenda asihisi kitu, maumivu huja baada ya saa kadhaa, na katika baadhi ya matukio ngozi hufa katikati ya jeraha na kuacha kidonda kinachochukua wiki nyingi kupona. Majeraha mengi, hata hivyo, hupona bila kufika huko. Na upole wake hauna shaka: mwaka 2002 ilichapishwa habari ya nyumba moja ya jimbo la Kansas, Marekani, ambamo familia ya watu wanne iliwakamata fidla 2,055 kwa muda wa miezi sita, na hakuna aliyekuwa ameumwa. Loxosceles reclusa ana makazi yake katika majimbo ya katikati na kusini mwa Marekani, na kidonda cheusi kinachompata mtu anayeishi mbali na makazi ya buibui hao kitafutiwe kwanza sababu nyingine, hasa maambukizi ya bakteria, kwa maana kumsingizia buibui kunaweza kuchelewesha dawa inayohitajika.

Ukishamjua, ufanye nini?

Uamuzi haufanani kwa wote. Mjane bandia aliye kwenye kona ya dari anaweza kuachwa, au kufunikwa kwa glasi, kusukumiwa kadi ngumu chini yake na kutolewa nje. Mjane mweusi au wa kahawia aliye chini ya kiti wanachokalia watoto anapaswa kuondolewa, na njia inayofaa ni kumvuta kwa mashine ya kufyonza vumbi au kumponda kwa fimbo ndefu, kisha kuharibu vifuko vyote, kwani kumwua mama na kuacha vifuko ni kazi nusu. Dawa za kupuliza hazisaidii sana kama watu wanavyodhani. Mjane huning'inia hewani, hagusani na sakafu iliyopuliziwa, na dawa haipenyi kwa urahisi kwenye kifuko. Kupunguza marundo ya vitu, kufagia utando mara kwa mara, kuvaa glavu unapohamisha kuni au vyungu na kukung'uta viatu vilivyolala nje kunafanya kazi kubwa zaidi.

Mtu akiumwa na anayedhaniwa kuwa mjane, jeraha lioshwe kwa maji na sabuni, liwekewe barafu iliyofungwa kwa kitambaa, na mtu atulie. Jeraha halikatwi, halinyonywi, na kiungo hakifungwi kamba. Bandeji ya kubana, ambayo ni sahihi kabisa kwa aliyeumwa na Atrax robustus, buibui mwingine wa eneo la Sydney, Australia, haifai kwa aliyeumwa na mjane, kwa sababu sumu ya mjane husambaa polepole na kubana huongeza maumivu. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwa nini kumtambua buibui si suala la udadisi. Ikiwa maumivu yanasambaa, jasho linatoka au tumbo linakakamaa, mgonjwa apelekwe hospitali, na picha ya buibui, au buibui mwenyewe akiwa ndani ya chupa iliyofungwa, iende pamoja naye.

Huko hospitali matibabu makuu ni dawa za kutuliza maumivu na za kulegeza misuli. Dawa ya kukinza sumu ipo katika baadhi ya nchi, na Australia imekuwa nayo dhidi ya Latrodectus hasselti tangu mwaka 1956, lakini hutengenezwa kwa damu ya farasi na inaweza kuleta mzio mkali, kwa hiyo madaktari wengi huihifadhi kwa wagonjwa waliozidiwa. Utafiti uliochapishwa huko huko Australia mwaka 2014 uliilinganisha na dawa isiyo na kiambato chochote, wagonjwa wote wakipewa pia dawa za maumivu, na haukupata tofauti kubwa katika kupunguza maumivu. Kwa mtoto mdogo, kwa mjamzito au kwa mwenye ugonjwa wa moyo, safari ya hospitali haisubiri dalili hizo zijitokeze.